Christopher Strachey: Mwalimu wa shule aliyetaka programu za kompyuta zisomeke kama hesabu

Mwendesha bodaboda anayesubiri abiria mbele ya soko kuu la Mbale na mwanafunzi anayevuka Mto Nile kuingia Jinja, kila mmoja amebeba simu mfukoni. Ndani ya simu hizo mna mamilioni ya mistari ya maandishi ambayo mwenye simu haioni kamwe. Sehemu kubwa ya kiini cha mfumo wa Android, kwa mfano, imeandikwa kwa lugha ya programu iitwayo C, iliyobuniwa Marekani na Dennis Ritchie mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Lugha hiyo ina nasaba yake. C ilizaliwa na lugha iliyoitwa B, B ikazaliwa na BCPL, na BCPL ikatokana na lugha iliyoitwa CPL. Miongoni mwa wabunifu wakuu wa CPL alikuwapo Mwingereza mmoja, Christopher Strachey, ambaye hakuwa na shahada ya juu, alifundisha shule za sekondari hadi alipofikisha miaka 35, na alifariki dunia mwaka 1975 kabla ya kuona matunda ya kazi yake.

Jina lake halitajwi sana nje ya vyuo vikuu. Hata hivyo swali aliloliuliza maisha yake yote linamhusu kila anayeandika programu leo, awe London au Jinja: je, mtu anaweza kusoma programu aliyoiandika mwenzake, na akawa na hakika ya maana yake bila kuiendesha kwanza?

Nyumba ya waandishi

Christopher Strachey alizaliwa London tarehe 16 Novemba 1916. Ukoo wake ulikuwa mashuhuri. Baba yake, Oliver Strachey, alikuwa bingwa wa kufumbua maandishi ya siri katika utumishi wa serikali ya Uingereza. Mama yake, Ray Strachey, alikuwa mwandishi na mpiganiaji wa haki ya wanawake kupiga kura. Ami yake, Lytton Strachey, alikuwa mwandishi wa maisha ya watu mashuhuri, na nyumba ya familia hiyo mtaani Bloomsbury ilikuwa jirani na wasanii na wanafalsafa waliotikisa fikra za Uingereza wakati ule.

Mwaka 1935 kijana huyo alijiunga na Chuo cha King's katika Chuo Kikuu cha Cambridge, chuo kile kile alichokuwa amesoma Alan Turing, mwanahisabati anayehesabiwa kuwa miongoni mwa waasisi wa sayansi ya kompyuta. Masomo hayakumwendea vizuri. Katika mwaka wa tatu afya yake ya akili iliporomoka, akalazimika kupumzika, na alipohitimu mwaka 1939 alipata daraja la kawaida tu, lisilotosha kumfungulia mlango wa utafiti.

Wakati wa Vita Vikuu vya Pili alifanya kazi katika kampuni ya simu na mawasiliano, akishughulikia usanifu wa vali za redio. Hapo ndipo alipokutana kwa mara ya kwanza na mashine ya kutatua hesabu ngumu, na shauku ikamwingia. Lakini vita vilipomalizika alichagua ualimu. Kuanzia 1945 alifundisha huko Canterbury, na mwaka 1949 akahamia Harrow, mojawapo ya shule za bweni zenye sifa kubwa kabisa Uingereza.

Likizo za mwalimu wa Harrow

Mwezi Januari 1951 rafiki alimkutanisha na mtafiti wa Maabara ya Taifa ya Fizikia karibu na London, ambako kompyuta iitwayo Pilot ACE ilikuwa imeanza kufanya kazi. Strachey akarudi shuleni na wazo moja kichwani: kuifundisha mashine ile kucheza drafti. Aliandika programu hiyo kwa mkono, katika saa ambazo mwalimu wa bweni huziiba kati ya kusahihisha madaftari na kusimamia wanafunzi. Ilipojaribiwa mwezi Julai mwaka huo, ilishindwa. Kumbukumbu ya mashine ilikuwa ndogo mno.

Akasikia kwamba Chuo Kikuu cha Manchester kilikuwa na kompyuta yenye kumbukumbu kubwa zaidi, na kwamba Turing, aliyemfahamu tangu King's, ndiye aliyeandika mwongozo wake. Akaomba nakala.

Mwongozo ule ulijulikana kwa ugumu wake. Amri za mashine ya Manchester ziliandikwa kwa herufi na alama za mashine ya simu za maandishi. Kila alama ilisimamia tarakimu moja kati ya 32, na namba ziliandikwa kinyumenyume, tarakimu ndogo ikitangulia. Sifuri iliwakilishwa na mkwaju, hivyo kurasa za programu zilijaa mikwaju kama mvua ya masika. Aliyeandika ukurasa huo leo angeweza kushindwa kuusoma mwenyewe baada ya wiki mbili.

Strachey aliumudu. Alifika Manchester na programu yenye zaidi ya amri elfu moja, ndefu kuliko yoyote iliyokuwa imejaribiwa pale hadi wakati huo. Akakesha nayo usiku kucha peke yake. Kulipopambazuka programu ilifanya kazi, na ilipofika mwisho mashine ikapiga, kwa sauti ya kukwaruza, wimbo wa taifa wa Uingereza. Habari zilienea haraka. Mwaka huo huo wa 1951 watangazaji wa BBC walirekodi mashine ya Manchester ikipiga nyimbo, na sauti hiyo iliyohifadhiwa ndiyo rekodi ya zamani zaidi inayojulikana ya muziki wa kompyuta. Kufikia majira ya joto ya 1952, programu yake ya drafti nayo ilikuwa ikicheza mchezo mzima.

Mito miwili

Mwezi Juni 1952 Strachey aliaga ualimu na kuajiriwa na shirika la umma la Uingereza lililosimamia uvumbuzi mpya. Muda mfupi baadaye alitumwa Toronto, Canada, ambako chuo kikuu kilikuwa kimenunua kompyuta ya aina ile ile ya Manchester na hakikuwa na watu wa kutosha wa kuiendesha.

Kazi aliyokabidhiwa huko ingeeleweka vyema na mkaazi yeyote wa Jinja. Canada na Marekani zilikusudia kuupanua Mto St Lawrence ili meli kubwa zipite na umeme uzalishwe. Kabla ya kuchimba wala kujenga, wahandisi walitaka kujua maji yangepanda au kushuka kiasi gani katika sehemu mbalimbali za mto. Hesabu hizo zilikuwa nyingi kupita uwezo wa makarani. Strachey akasaidia kuandika programu ya kuzifanya.

Miaka hiyo hiyo, kwenye chimbuko la Nile, bwawa la Owen Falls lilikuwa likijengwa. Malkia Elizabeth wa Pili alilizindua tarehe 29 Aprili 1954, na leo linaitwa Nalubaale. Nyuma ya kila ukuta kama ule pana hesabu za maji, uzito na mwendo, na nyuma ya hesabu hizo pana watu waliolazimika kuziamini. Ikiwa aliyeandika hesabu peke yake ndiye anayeweza kuzisoma, nani atagundua kosa kabla maji hayajafika? Strachey alirudi Uingereza akizidi kuamini kwamba programu ndefu zilihitaji njia nyingine ya kuandikwa.

Ubao wa karani na risiti ya mkulima

Ili kuelewa alichokitafuta, tuchukue mfano wa kahawa ya mlima Elgon, zao ambalo wakulima wengi wa Mbale wanalifahamu tangu utotoni.

Tuseme karani anapima kahawa na kukokotoa malipo kwenye ubao mmoja. Anaandika kilo, anafuta, anaandika bei, anafuta, anapunguza gharama za usafiri, anafuta tena, kisha anatamka jumla. Makarani wengine wawili nao wanautumia ubao huo huo. Mkulima akiuliza jumla yake ilipatikanaje, hakuna wa kumjibu kwa hakika, kwa sababu jibu linategemea ubao ulikuwa na nini dakika ile, na nani aliugusa mwisho.

Huo ndio mtindo wa amri, ambao lugha nyingi za kompyuta zimejengwa juu yake: fanya hili, badilisha lile, futa, andika upya. Kompyuta yenyewe hufanya kazi hivyo, na mtindo huo si kosa. Tatizo ni kwamba, programu inapokuwa ndefu, msomaji hulazimika kukumbuka hali ya ubao mzima katika kila mstari.

Sasa tuseme kila mkulima anapewa risiti yenye mstari mmoja: malipo ni kilo mara bei, kutoa makato. Kilo 60 kwa bei ya shilingi 9,000, makato shilingi 40,000, malipo shilingi 500,000. Risiti hiyo haimtegemei karani mwingine wala saa iliyotolewa. Ukiingiza namba zile zile leo au mwakani, jibu ni lile lile. Mtoto wa mkulima anayesoma darasa la sita anaweza kuikagua nyumbani.

Huo ndio mtindo wa fomula, ambao wataalamu huutaja kwa jina la fankisheni. Fomula hupokea vitu, hutoa jibu, na haigusi kitu kingine chochote. Mahali popote ilipo, unaweza kuiondoa na kuweka jibu lake, na maana ya programu isibadilike. Strachey ndiye aliyeliingiza wazo hilo katika mjadala wa lugha za programu, akiliazima kutoka kwa wanafalsafa wa lugha.

Lugha ambayo haikukamilika

Mwaka 1959 aliacha ajira na kuwa mshauri wa kujitegemea. Mwaka huo, katika mkutano wa UNESCO mjini Paris, aliwasilisha pendekezo kuhusu namna kompyuta moja kubwa inavyoweza kugawa muda wake kati ya kazi mbalimbali. Pia alimwajiri kijana aitwaye Peter Landin na kumwachia nafasi ya kuchunguza nadharia. Landin alizama katika hesabu za lamda, mfumo wa fomula uliobuniwa na Mmarekani Alonzo Church katika miaka ya 1930, kabla ya kompyuta za kisasa kuwapo. Wawili hao waligundua kwamba mfumo ule wa zamani ungeweza kueleza maana ya programu.

Mwaka 1962 Strachey alirudi Cambridge, safari hii kama mtafiti, kushiriki kubuni lugha mpya pamoja na wenzake wa huko na wa Chuo Kikuu cha London. Lugha hiyo ndiyo CPL.

CPL haikuwakataza waandishi kutumia amri. Iliwapa namna ya kuziwekea mipaka. Mwandishi aliweza kukusanya amri kadhaa katika chumba kimoja, zikafanya kazi yao humo, na kutoka chumbani likatoka jibu moja tu. Kwa msomaji aliye nje, chumba kizima kilionekana kama fomula. Aliweza pia kuandika jibu kwanza na kufafanua chini yake kila jina lililotumika, kama wanahisabati wanavyofanya.

Lakini mradi ulikuwa mkubwa kuliko nguvu za waliouanzisha. Kompyuta za wakati huo zilikuwa na kumbukumbu ndogo, wabunifu walikuwa katika miji miwili, na Strachey mwenyewe hakupenda kutoa kazi kabla ya kuiridhia. CPL haikukamilika kama ilivyokusudiwa. Kwa mtu aliyekuwa amewahi kushindwa chuoni, jambo hilo halikuwa jepesi.

Kilichobaki kilitokana na mwanafunzi. Martin Richards alichukua sehemu ndogo ya CPL, akaipunguza hadi ikatosha katika mashine za kawaida, akaiita BCPL. Ilivuka bahari hadi Marekani, na huko ikazaa B, kisha C. Katika safari hiyo mambo mengi aliyoyathamini Strachey yaliachwa njiani. C ilirithi zaidi wepesi wa mtindo wa amri kuliko uwazi wa fomula.

Sanduku la posta na barua

Mwaka 1967, akiwa sasa Chuo Kikuu cha Oxford ambako alianzisha kundi la utafiti wa programu, Strachey alialikwa kufundisha mjini Copenhagen, Denmark. Maandalizi ya mihadhara hiyo ndiyo maandishi yake yanayosomwa zaidi hadi leo.

Humo alitenganisha mambo ambayo waandishi wa programu walikuwa wakiyachanganya. Moja ni tofauti kati ya mahali na kilichomo. Anayemiliki sanduku la posta Jinja anajua kwamba namba ya sanduku ni kitu kimoja na barua iliyomo ni kitu kingine. Barua hubadilika kila wiki, namba haibadiliki. Katika programu, jina lile lile mara nyingine humaanisha sanduku na mara nyingine humaanisha barua, na makosa mengi huzaliwa hapo. Strachey aliyapa mambo hayo mawili majina tofauti, na wanaojifunza C wanayatumia mpaka sasa.

Jambo jingine ni hadhi ya fankisheni. Katika lugha nyingi za wakati ule, namba iliweza kuhifadhiwa, kupokewa na kurudishwa, lakini fankisheni ilibaki kama raia wa daraja la pili. Strachey alionyesha kwamba lugha inayoipa fankisheni uraia kamili humwezesha mwandishi kujenga vipande vidogo vinavyoeleweka kimoja kimoja, kisha kuviunganisha.

Maandishi hayo hayakuchapishwa rasmi wakati wa uhai wake. Yalisambaa kwa nakala, mkono kwa mkono, kutoka chuo hadi chuo. Yalichapishwa katika jarida la kitaaluma mwaka 2000, miaka 33 baada ya mihadhara yenyewe.

Miaka ya mwisho

Mwaka 1969 mwanamantiki wa Marekani, Dana Scott, alikaa Oxford kwa muhula mmoja. Scott alikuwa na shaka kama hesabu za lamda zilikuwa na msingi imara. Strachey alikuwa na hakika kwamba zilifaa, ila hakuweza kuthibitisha. Katika miezi michache Scott alipata msingi wa kihisabati uliokuwa ukikosekana. Kwa pamoja waliweka njia ya kueleza maana ya programu, hata ya mtindo wa amri, kwa kutumia fomula pekee: kila amri huchukuliwa kama fankisheni inayopokea hali ya kumbukumbu na kutoa hali mpya.

Mwaka 1971 Strachey, aliyehitimu kwa daraja la kawaida na asiyekuwa na shahada ya uzamivu, alipewa uprofesa.

Hakuufurahia kwa muda mrefu. Akishirikiana na Robert Milne aliandaa insha ndefu ya kushindania tuzo ya hisabati ya Cambridge, kazi iliyomchosha sana. Baadaye aliugua homa ya ini. Alionekana kupata nafuu, kisha hali ikageuka. Alifariki tarehe 18 Mei 1975 akiwa na umri wa miaka 58. Milne ndiye aliyeigeuza insha ile kuwa kitabu, kilichotoka mwaka 1976.

Urithi unaosomwa darasani

Baada ya kifo chake, lugha za programu zilianza kurudi polepole kwenye mambo aliyoyatetea. Python na JavaScript, ambazo vijana wengi huanza nazo, zinaiweka fankisheni katika uraia kamili. Java, lugha ya mtindo wa amri inayotumiwa sana katika ofisi na mabenki, ilipokea maandishi ya lamda mwaka 2014. Leo mwandishi anaweza kubaki na lugha ya amri aliyoizoea na bado akaandika sehemu kubwa ya kazi yake kwa fomula.

Kwa wanafunzi wa kompyuta katika Chuo Kikuu cha Kiislamu mjini Mbale, au katika vyuo vya Jinja, jambo hili lina uzito wa kila siku. Programu inayokokotoa mishahara ya walimu, karo za shule au malipo ya kahawa mara nyingi huachwa na aliyeiandika, ambaye amepata kazi Kampala au ng'ambo. Anayebaki hurithi maandishi tu. Ikiwa kila mstari unafuta na kubadilisha ubao wa pamoja, mrithi ataogopa kugusa hata neno moja, na kosa litaendelea kukata fedha za watu mwezi baada ya mwezi. Ikiwa hesabu zimetengwa katika fankisheni ndogo, zenye majina yanayosema kazi zake, mrithi ataweza kuzikagua moja moja kama mkulima anavyokagua risiti yake.

Karatasi za Strachey zimehifadhiwa katika maktaba ya Bodleian, Oxford. Chuo hicho pia huandaa mihadhara ya wazi inayobeba jina lake, ambapo wataalamu wa kompyuta hualikwa kueleza kazi zao mbele ya wasikilizaji.